Shahidi wa mama

Shoga, uko? Mama ameaibishwa leo, na mimi nipo nashuhudia.

Mwenye nyumba kaja asubuhi na barua ya malalamiko. Eti cherehani ya mama ina kelele, aache kushona au ahame. Hakutuambia nani kaiandika.

Mama wala hakushtuka. Akamwambia, "Twende kwa Mama Pacha. Tumepakana ukuta, yeye ndiye shahidi wangu."

Mama Pacha huyu huyu! Aliyejifungua kwa upasuaji, mama akamwogeshea watoto mwezi mzima na kumfulia mpaka nepi!

Tumefika mlangoni, mama anatabasamu. "Jirani, hebu mwambie kama nakusumbua."

Mama Pacha akageuza uso. Mwenye nyumba akainamisha kichwa. "Mama, aliyeandika ni huyu."

Ni huyu, shoga. Ni huyu!

Unajua alisema nini? "Nilimwomba asinitaje." Basi. Hata samahani hakuna. Yaani kinachomuuma ni kutajwa!

Mama akamjibu taratibu, "Ungebisha hodi tu, mwanangu. Ningeacha kushona watoto wakilala."

Bado anamwita mwanangu! Mimi ningemrukia.

Mwenye nyumba kaona haya, kasema mama aendelee kushona mchana. Kwa hiyo tumeshinda. Lakini mama kaingia ndani, kaketi kitandani, ananiuliza mimi: "Kwani nilimkosea nini?"

Nimekaa tu pembeni yake, na sasa amenilalia begani kama mtoto. Nakuandikia kwa mkono mmoja.