Dada, Uliyekataa Kuicheka Damu ya Pua

Mwaka umetimia, Dada, tangu mshipa wa pafu lako ulipopasuka na kukuondoa kwetu.

Ulikuwa mwalimu wa udereva. Ulikuwa mkali kwa asiyetazama vioo na mpole kwa mwoga. Aliyefeli mtihani ulimrudisha kwenye usukani kesho yake. Hata ukiwa abiria, mguu wako ulikanyaga breki isiyokuwepo, nasi tukikutania, "Dada, hilo ni zulia."

Kwetu damu ya pua ilikuwa mzaha. Marehemu Mama alitokwa nayo, nawe pia. Binti wa kaka yako alipoanza kutokwa nayo, akiwa na miaka mitano na akilalamika kichwa, tulicheka: "Huyu kweli wetu, cheti cha kuzaliwa kiko puani!"

Wewe hukucheka. "Magari matatu ya kiwanda kimoja yakivuja oili mahali palepale, mnalaumu barabara?"

Mtoto alipopelekwa hospitali, picha za kichwa zilikujibu. Katika ubongo wa mtoto, mishipa inayoleta damu ilikuwa imeungana moja kwa moja na ile inayoirudisha, bila vijishipa vyembamba vya kupunguza kasi katikati. Daktari alisema hitilafu hiyo ni adimu, mtu huzaliwa nayo, wakati mwingine hurithiwa katika ukoo pamoja na damu ya pua, huweza kujificha hata kwenye mapafu, na ya mtoto ingeweza kupasuka siku yoyote. Alitaka kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kichwani, aizibe njia ile. Wifi yako aliogopa. Hukumficha kitu.

"Wifi, kumtibu kuna hatari, na kumwacha kuna hatari. Ila hiyo ya pili haina daktari pembeni."

Alikubali. Njia ilizibwa.

Kisha ukatuandama sote tukapimwe. Mdogo wetu wa mwisho akawa hapokei simu zako. Nawe ukasema, "Wanafunzi wangu wakimaliza mtihani, nitakwenda." Hukuwahi. Hilo hatulipambi, tunalisema wazi ili msomaji ambaye ukoo wake hutokwa damu puani kama wetu asisubiri.

Binti yuko darasa la kwanza. Anasoma vizuri na anabishana na kila mtu, walimu wakiwemo.

Tunaokukumbuka ni kaka yako, wifi yako, binti yao, na mdogo wako wa mwisho, ambaye mwezi uliopita alikwenda hospitali bila kusukumwa na mtu. Sasa sote tulio damu yako tumepimwa.

Kwetu hutasahaulika kamwe.