Mwanamke Aliyelamba Asali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huko Gasorwe mmeamkaje? Goti linakubali kupanda kilima? Mimi hapa Gitega ni mzima, nakula vizuri, usihofu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya lile jibu lako. Nilipokuambia studio wanataka kuniajiri moja kwa moja, ulisema, "Sawa mwanangu, baki tu." Nikafurahi. Sasa nina wasiwasi, ngoja nikueleze.

Unajua kazi yetu ni kuwachorea watu alama za biashara zao. Basi walikuja akina mama watatu wafuga nyuki kutoka Gishubi, wakitaka picha ya kubandika kwenye chupa za asali. Nikawachorea mwanamke mrembo anacheka, kidole kinywani, analamba asali. Mwenyekiti wao, Mama Spesioza, akasema, "Iko nzuri sana." Wakaaga. Wiki mbili, kimya!

Bosi wangu, Madamu Odeta, akaniuliza, "Waliposema nzuri, walikuwa wanaangalia wapi?"

"Mlangoni."

"Basi hawakuipenda. Chukua penseli, wafuate."

Nikashinda nao Gishubi nikiwasaidia kuchuja asali, bila kuuliza kitu. Mchana Mama Spesioza akaanza kucheka mwenyewe. "We mwana, ule bibi yako analamba kidole mbele ya watu! Sokoni tutaficha wapi sura?"

Mama, nilitamani ardhi inimeze! Mimi niliyekulia Tanzania, nikitafuna muhogo njiani, ningejuaje kwamba huku Burundi mtu mzima hali hadharani? Nikafuta sura, nikabakiza mikono inayomimina asali. Hapo ndipo kelele zikaanza: mkono umenenepa, kucha safi mno, huyu hajawahi kushika jembe! Nilichora mara nne wakinigombeza, na ile ya nne wakanyang'anyana. Nikajua sasa wameipenda.

Ndiyo maana nakuuliza upya. Wewe ni mzaliwa wa huku kama wao, na kwenye simu sikuyaona macho yako. Tangu Baba atutoke unalima kilima kizima peke yako, na hujawahi kulalamika hata siku moja. Hilo linaniumiza. Ukitaka nirudi, sema. Nitanuna siku mbili, kisha nitafunga mzigo.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na dada Kezia anayekusomea haya. Kezia, andika anachosema Mama, usikilainishe. Mkataba uko mezani kwangu, na sitatia sahihi mpaka nimesikia Mama akinigombeza.

Mwanao akupendaye,
Elia