Patapata Nilizompelekea Baba

S.L.P. 1187,
Machakos.
14 Juni 2001.

Mpendwa kaka Maundu,

Pokea salamu zetu za nyumbani. Je, kifua kimepoa? Na joto la huko Lodwar linakuachia usingizi? Sisi tuko, ila Mama hali chakula vizuri. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti.

Kaka, ulipokuja kumzika Baba nilikuficha jambo. Nimeshindwa kuendelea kulibeba.

Unajua kiharusi kilipompata alilazwa kwenye kile kituo cha kufundisha wagonjwa kutembea upya. Wamuyu, dada aliyekuwa akimfanyisha mazoezi, alinionya mapema: "Asivae kiatu kilicho wazi nyuma. Mguu wa kushoto hausikii. Kikichomoka, hatajua." Viatu vyake vya kanisani havikuingia kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Mutinda, fundi wa viatu wa pale, akampima amshonee vipana, vya kufunga kwa mkanda. Tukaambiwa tungoje siku kumi.

Siku ya saba Baba akaniambia, "Munyiva, nimechoka kukaa kama gunia. Niletee hata patapata, nifike chooni mwenyewe."

Ungemwona alivyonitazama. Mtu aliyekuwa akiswaga mbuzi kwa miguu hadi Kyumbi, sasa anabebwa chooni na wasichana! Nikamletea. Sikumwambia Wamuyu.

Alipiga hatua nne, anacheka. Ya tano, patapata ikachomoka, akaanguka kwenye saruji. Nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena. Wiki tatu baadaye homa ya mapafu ikamchukua.

Viatu vya Mutinda vilikuja siku tatu baada ya Baba kuanguka, vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa. Baba alivipapasa kwa mkono wa kulia, akasema, "Huyu fundi anajua kazi." Kisha akaniangalia. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linaloniua.

Baada ya mazishi nilivirudisha kituoni, akapewa mzee mwingine. Nasikia anatembea navyo. Mimi siwezi kwenda kumwona.

Mama anajua Baba alianguka. Hajui ni nani aliyempa patapata. Nitamwambia, lakini nimeanza na wewe.

Tafadhali usiniandikie kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Hayo nimeambiwa na kila mtu. Niandikie kama umenisamehe. Kama hujanisamehe, niandikie vilevile.

Msalimie wifi Mbinya. Mkumbatie Bartholomew, anayeitwa jina la babu yake. Mungu awafunike nyote.

Dada yako akupendaye,
Munyiva