Kipa Aliyekosea Benchi

Alhamisi, 20 Machi

Duluth! Tumefika. Ziwa bado limeganda mpaka macho yanapoishia, upepo unakata masikio, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu. Chuo chetu kile kidogo, ambacho hata watu wa Minnesota wenyewe wanauliza kiko wapi, kimeingia nne bora ya taifa. Hoki ya barafuni, wanawake. Sisi!

Mimi sitacheza, hilo linajulikana. Mimi ni kipa wa akiba. Nakaa mwisho wa benchi na kazi yangu ni mlango: wenzangu wanaingia barafuni, nafungua, wanatoka, nafungua tena, nafunga. Mwaka wa tatu huu. Wozi, kapteni wetu, ameniita Bawabu tangu siku ya kwanza. "Bawabu, mlango!" Huwa nacheka. Siku nyingine sicheki.

Kipa ni Gadi. Noémie Gadbois kwa jina la cheti, lakini anayemwita hivyo ni mama yake tu, huko Quebec. Nalala naye chumba kimoja. Saa hizi amekaa kitandani anatafuna jibini mbichi, inalia mdomoni mwake kama viatu vipya. Anasema akitoka hapa bila kombe hoki ndiyo basi, anakwenda kwa mjomba wake kuuza matairi. Mwaka wake wa mwisho. Kaniambia, "Bawabu wangu, mechi mbili tu, halafu niuze matairi nikiwa na raha zangu."

Kesho nusu fainali. Nimepanga mapedi yangu mara tatu, utafikiri mimi ndiye ninayekaa golini.

Ijumaa, 21 Machi

Tumeshinda! Tatu kwa mbili, muda wa nyongeza! Sauti sina. Korido nzima wanaimba, Wozi amevaa ndoo kichwani.

Lakini mimi siko sawa. Niandike hapa, maana sina wa kumwambia.

Kipindi cha pili kikiwa karibu kwisha, mshambuliaji mmoja wa wale wa kijani aliteleza akamvaa Gadi mzima mzima. Kichwa cha Gadi kikagonga mwamba wa goli. Ngo! Nilisikia kutoka benchi. Daktari wa timu, Pruitt, akaingia, wakasemezana, Gadi akapunga mkono — niko poa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kipindi cha tatu sasa. Mtu wao akafanya kosa, refa akanyoosha mkono juu. Hapo kila mtoto aliyekulia kwetu Roseau anajua cha kufanya: mchezo haukatwi mpaka wao waguse kisahani, kile kidude bapa tunachopigania, kwa hiyo kufunga hawawezi, na kipa wetu anatoka mbio kuja benchi ili aingie mshambuliaji wa ziada. Nikafungua mlango. Gadi anakuja. Anakuja... anapita! Akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa wapinzani, akasimama, akaanza kuugonga kwa gongo lake afunguliwe.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Wale wa kijani wakamfungulia kabisa, mmoja akamwambia karibu dada, chai ipo. Wozi alishika mbavu. Nikapayuka, "Gadi! Huku!" Akageuka, akaja, akaingia kwangu. Tukatazamana pua kwa pua.

Hakunijua.

Haki ya Mungu, hakunijua. Akaniambia asante, kwa adabu zote, kama unavyomwambia mtu wa dukani aliyekushikia mlango.

Halafu akarudi golini na akazuia kila kitu. Kila kitu! Muda wa nyongeza alidaka kimoja ambacho mimi ningekiona kwenye televisheni tu. Mikono yake inajua kazi. Kichwa chenyewe kilikuwa wapi?

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi nimemkuta amevuta mapazia, taulo usoni. Akaniuliza jana tulishinda ngapi. Nikamwambia tatu mbili. Nikashuka kuchukua kahawa. Niliporudi akaniuliza, sauti ile ile, jana tulishinda ngapi.

Nikasema, Gadi, twende kwa daktari. Aliruka kitandani akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Usithubutu. Mechi moja, Signe. Moja! Baadaye kichwa kipasuke kikitaka, shauri yake."

Hajawahi kuniita Signe. Ni Bawabu siku zote.

Nimetembea kando ya ziwa mpaka miguu ikaishiwa nguvu. Kwetu Roseau kuna binti aligongwa kichwa, akaficha, akarudi barafuni, akagongwa tena wiki ile ile. Ana miaka ishirini na sita sasa. Mama yake anamkatia nyama kwenye sahani. Nimewaona kwa macho yangu, hoteli ya samaki, binti amefungua mdomo anasubiri.

Kwa hiyo nimesema. Kwa Daktari Pruitt na Kocha Brandvold, wote wawili. Nimesema yote: mlango, asante, kuulizwa mara mbili. Daktari akaondoka hapo hapo kwenda kumpima. Kocha akabaki. Kisha akauliza, nijibu neno moja tu: nataka kucheza fainali?

Nikasema ndiyo.

Mjinga mimi! Lakini ningesema nini? Nataka! Nimekaa mlangoni miaka mitatu, nani hataki? Nilitaka niongeze "lakini si kwa njia hii", nikaishia kwenye ndiyo. Kocha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Nilitamani sakafu inimeze.

Na Gadi amefaulu kipimo. Amefaulu! Maneno aliyotajiwa ayakumbuke, miezi kinyumenyume, kusimama kwa mguu mmoja. Daktari anasema majibu yanalingana na ya Septemba, yale tunayopimwa kabla ya msimu. Nikajiuliza, au mimi ndiye ninayeumwa?

Tukakutana koridoni, yeye na mimi tu. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. Akaninong'oneza kwamba Septemba alijifanya mjinga makusudi, alikosea hovyo, ili siku kama hii alama zilingane. "Kila kipa mwenye akili anafanya hivyo," akasema. Akashika ukuta kidogo, akaenda zake.

Nikamwambie nani tena hilo? Nani ataniamini mara ya pili ndani ya siku moja?

Chakula cha jioni. Wozi alisimama na glasi ya maziwa, akatangaza kipa wetu yuko fiti. Shangwe. Halafu akasema, "Na yule aliyekuwa na hamu sana ya kucheza kesho, pole yake." Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja, habari zilishavuja, sijui kwa nani. Msichana niliyekaa naye alisogeza kiti chake. Nimekula viazi vikavu, machozi yananitoka puani.

Nyoka. Mmoja amenong'ona hivyo nikipita. Nyoka!

Jumapili, 23 Machi

Mapumziko ya kwanza. Bila bila. Naandikia chooni, ndiko nisikosumbuliwa. Hakuna anayesema nami. Hata "Bawabu, mlango" haipo leo, wanasubiri tu nifungue, macho mbele.

Gadi anacheza vizuri. Nasema kweli, vizuri mno. Wale wekundu wamempiga mashuti kama mvua, hakuna lililopita. Labda mimi ndiye mchawi. Labda alikuwa amechoka tu juzi na jana, na mimi tamaa imeniota machoni. Naomba iwe hivyo. Heri nionekane nyoka maisha yangu yote.

*

Mapumziko ya pili. Moja moja.

Goli walilotufunga lilimpita akiwa ametazama upande mwingine. Upande mwingine kabisa! Amegeukia viti vya watazamaji. Wenzangu wanasema alizibwa na mabeki. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi, niliona vizuri, hakuzibwa na mtu.

Amekuja huku sasa hivi. Na mapedi yake yote, mlango wa choo haukumtosha, amekwama nusu ndani nusu nje. Jasho linamchuruzika, midomo myeupe. Nje bendi ya wekundu inapiga matarumbeta mpaka kuta zinatetemeka. Nikajua amekuja kunitukana. Nilijiandaa.

Akaniuliza kwa upole, "Bawabu wangu, hawa tukiwafunga leo, Jumapili tunacheza na nani?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania! Niliona amenisamehe, moyo ukaniruka kwa furaha, nikacheka kwa sauti. Yeye hacheki. Anasubiri jibu.

Mungu wangu.

Nimemwita Wozi kwa sauti kubwa. Amekuja, amefura, ananiambia niache kipa wa watu apumue, hivi sina haya? Nikamwambia sitabishana, Wozi, muulize swali moja tu. Muulize leo siku gani. Ukiridhika na jibu, mimi nanyamaza mpaka nazikwa.

Wozi kasonya. Lakini amemuuliza. Kwa kejeli, mikono kiunoni, huku akinitazama mimi: "Haya Gadi, mwambie huyu leo ni siku gani."

Wozi ameshusha mikono.

Sijui kwa nini bado naandika, vidole vimekataa kuiachia kalamu. Kengele ya kurudi barafuni inalia. Kocha anaita majina kule nje. Gadi hajajibu. Hamtazami Wozi wala mlango, ananitazama mimi, amenikazia macho kama mtoto darasani, na midomo inamchezacheza — anataka nimnong'oneze jibu