Mkalimani wa Kesi Yake Mwenyewe

Baba Nayeli,

Maharage yamo kwenye sufuria, yapashe moto taratibu yasiungue. Chapati za mahindi nimezifunika kwa kitambaa. Nayeli asiwashe televisheni.

Asubuhi nilipompeleka shule nilimwona mwalimu wake, nikaomba mkalimani. Anapatikana bure, Fidencio, ni kuomba tu. Wewe siku ya kikao cha wazazi uliona binti yako anajua Kiingereza, basi yeye ndiye akutafsirie. Kesi ya ngedere ukampelekea nyani. Akakwambia mwalimu anamsifu, kumbe mwalimu anasema mtoto amekwama kusoma, na anatuomba tumsikilize akisoma kila jioni, hata kwa Kihispania chetu. Nawe ukatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mwanamke wa watu muda wote huu anadhani tulikubali kisha tukampuuza.

~~Akirudi mkaripie.~~ Usimkaripie. Akishakula, kaa naye asome, hata ukurasa mmoja. Na usisinzie.

Nilimuuliza kwa nini alidanganya. Akajibu huku anaangalia viatu vyake: "Baba alivaa shati lake la harusi, mama. Nilimwonea huruma."

Alhamisi tukitoka shambani tunarudi shule wote wawili. Mkalimani nimeshaomba. Shati nimelipiga pasi, linaning'inia mlangoni. Livae. Ila safari hii ukiambiwa neno la kuuma, usitabasamu.

Mama Nayeli