Salamu Isiyo na Wakili

Maskati,
Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Rukia,

Asalaam aleikum, na nairudia makusudi: asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na Mama mguu wake umepoa. Mimi mzima wa mwili, ila moyo wanisuta.

Najua telegramu yangu ilifika: "Siwezi kuja. Ami awe wakili wangu." Baba hayupo, mimi ndiye walii wako, na badala ya kuja Mambrui kukuozesha nikakutupia maneno hayo. Kusema kweli ruhusa nilipewa. Nilibaki kwa hiari yangu. Hapa ghalani wameleta kompyuta, nami nimetolewa kwenye mizigo nijifunze kuiandikia programu. Niliogopa nikiondoka kiti changu atakikalia mwingine.

Msimamizi wetu, Mhindi mmoja mpole, anatufundisha kuivunja kazi vipande vipande: kimoja cha kujumlisha, kingine cha kupanga majina. Vyote huwekwa pamoja, na pale huitwa maktaba. Ukihitaji kipande unakiita kwa jina, kinafanya kazi yake, huna haja ya kukiandika upya. Nikaandika changu cha kwanza, cha kujumlisha bei. Lakini mtoto wa Mambrui ataanzaje kazi bila salamu? Nikakiamuru kwanza kichape "Asalaam aleikum". Tulipochapa hesabu ya mizigo, kila kilipoitwa kwa bidhaa mpya, kikasalimu. Karatasi ikajaa salamu, bei hazionekani. Wenzangu walicheka wakashika mbavu. Msimamizi akaniambia, "Mtu husalimu mlangoni. Hasalimu kila chungu cha jikoni."

Nikacheka nao, kisha nikaikumbuka telegramu. Posta wanatoza kwa neno, nami nikaona salamu ni gharama. Mashine nimeifanya isalimu hadi ikachosha watu, na ndugu yangu wa tumbo moja sikumwandikia hata salamu moja. Nimeona haya, Rukia.

Jana nilirudi kuomba ile ruhusa. Ameshapewa mwingine.

Mama mpe shikamoo yangu na umbusu mkono. Msalimie Ami, na shemeji yangu mtarajiwa, afanyaye kazi ya chumvi huko Gongoni. Mwambie asidhani umekosa kaka.

Ami atamshika mkono bwana harusi, na ndoa itakuwa halali. Lakini salamu yangu kwako sikumpa mtu uwakili. Mafunzo yakiisha nitaileta mwenyewe, nisimame mlangoni kwa mumeo mpaka uitikie.

Kaka yako,
Swaleh