Aliyejua Boriti ya Chumba Chako

Baba,

Salamu ya walio makaburini nimekupa leo asubuhi, nilipokuja kung'oa majani. Salamu ni haki yako kwangu. Haya ninayoyaandika sasa ni haki yangu kwako. Nayaandika kwa sababu pale kaburini sikuweza kuyasema. Nilifungua mdomo, nikasoma Fatiha, nikarudi nyumbani.

Nyumba nimeiuza. Keshokutwa napanda boti kwenda Unguja, na kutoka Unguja ndege ya Maskati, kwa Nassor. Unamjua mwanao. Tangu ulipofariki, huu mwaka wa pili, kila wiki hupiga simu: "Dada, unakaa na kuta?" Viza imetoka na ina siku zake, zikipita imekufa. Kwa hiyo nilikuwa na wiki tano tu za kuuza nyumba ambayo weye uliijenga chumba baada ya chumba, kila msimu wa karafuu ukiongeza kidogo.

Wa mwanzo alikuja mfanyabiashara wa Wete. Alizunguka nyumba nzima, akagonga mlango wa mbele kwa vidole kama anayenunua nazi, kisha akasema, "Mie nataka mlango na mabati. Nyumba baki nayo." Nilimpa chai, akanywa, akaenda zake. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia kidogo. Mlango ule tuliupaka mafuta pamoja kila mwezi wa Shaabani, weye juu, mie chini.

Kisha akaja Mwalimu Bakar, anayesomesha skuli ya hapa Vitongoji, na mkewe Bi Mize. Walikuja mara tano. Mwalimu alipima kila kitu kwa futi, hata choo. Bi Mize alifunua vyungu vyangu, akajaribu makomeo, akalala juu ya kitanda chako asikie kama kinalia. Siku ya tatu alisimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Kabati langu la Unguja halipiti hapa. Punguza."

"Nipunguze bei au nipunguze kabati, Bi Mize?"

"Vyote viwili, mwanangu, na kinu kile uniachie."

Nilichoka nao. Kila wakija wana jipya: kinu, mtungi, mkungu wa ndizi uliokuwa bado haujakomaa. Nikasema moyoni, Mungu aniletee mnunuzi mwenye haya.

Lakini mwenyewe ulinifundisha kuwa kwetu nyumba haiuzwi kwa mtu mwengine kabla jirani hajaulizwa. Na jirani ndiye Mzee Kombo. Nilimwacha wa mwisho. Nani angenilaumu? Miaka kumi na minne hatuamkiani. Nikampelekea habari kupitia kwa sheha wa kijiji, nikitaraji jibu litarudi kwa njia hiyo hiyo: hataki.

Akaja mwenyewe, baada ya alasiri, kanzu nyeupe, mkongojo. Nilishtuka. Lakini siku hizi mambo yamebadilika, Baba, weye hukuwahi kuona. Wakubwa wa vyama wamepeana mikono, na watu wa barza yenu na watu wa barza yao, waliosusiana kwa ajili ya vyama, wananunua samaki kwa mchuuzi mmoja. Nikamkaribisha. Alivua viatu, akaingia ukumbini, akatazama picha ya Nassor ukutani. Macho yake yalikuwa na maji. Nikasema moyoni, huyu ndiye mnunuzi mwenye haya.

Kisha akaanza kutaja bei, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya Mwalimu. Nikamuuliza sababu, kwa adabu.

"Zuwena mwanangu, boriti ya tatu ya chumba cha babaako mchwa wameila. Ile nguzo ya mvinje aliyoishikizia haitofika masika mawili. Na ukuta wa kusini, simenti ilikuwa pungufu. Na sakafu chini ya kitanda ina ufa, upo mkeka juu yake."

Alisema kwa sauti ya upole, kama daktari. Yote kweli. Nikahesabu. Boriti tuliishikiza mwaka wa tatu kabla hujafa, mimi na weye tu, mie nimeshika taa. Hatukumwita hata fundi, ulisema ni aibu watu kujua. Na mguu wa Mzee Kombo haukuwa umekanyaga ndani humu tangu uchaguzi ule wa mwanzo wa vyama vingi.

"Mzee, umejuaje?"

"Nyumba ya jirani hujulikana."

"Ya nje hujulikana. Boriti iko juu ya dari, chumbani."

Alitazama mkongojo wake.

"Babaako alinambia."

"Lini?"

"Alkhamisi."

"Alkhamisi gani, Mzee?"

"Zote," akasema. "Alkhamisi zote."

Baba, mie nilikuwa nikikupigia pasi kanzu kila Jumatano. Ulisema Alkhamisi ni siku yako ya daktari wa sukari, Chake Chake. Nilikupakia mkate mkavu na chai isiyo na kitu, nikakusimamishia gari njiani. Kumbe safari yenu ilikuwa chumba cha nyuma cha fundi cherehani mmoja pale mjini. Yeye alipanda gari ya saa mbili, weye ya saa tatu, mkarudi hivyo hivyo, mmoja mmoja, msionekane. Na mlikuwa mkila halwa. Hilo alilisema mwenyewe, akatabasamu kidogo: "Ya Wete, ya lozi. Alikuwa akisema, tule, Kombo, nyumbani kwangu yuko askari wa sukari." Askari ndiye mie. Nilikuwa nikipima kijiko kwa kijiko, nikilia kwa nini sukari yako haishuki.

Hilo ningekusamehe siku hiyo hiyo. Ningecheka.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu alipofariki Mama Hamadi. Babaako hakuweza kuja mazishini, watu wangemla nyama. Akanifuata Chake kunipa pole. Tukakaa. Ikawa ndio desturi."

Mama Hamadi, mkewe Mzee Kombo, alifariki mwaka wa tatu baada ya uchaguzi ule. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilitaka kwenda kumzika mama ambaye alikuwa karibu awe mkwe wangu, na weye ulinizuia mlangoni.

Unakumbuka, Baba? Zilibaki wiki mbili niolewe na Hamadi, mwanawe Mzee Kombo. Nguo ilikuwa imeshonwa, magodoro yamejazwa sufi, kofia ya Hamadi nimeidarizi imebaki upande mmoja. Uchaguzi ukapita, watu wakaanza kususiana maduka, magari, vyombo vya shughuli, mpaka maiti. Wake waliachwa kwa ajili ya vyama. Weye ndiye uliyekuwa mkubwa wa barza ya huku, Mzee Kombo mkubwa wa barza ya kule, na watu walikuwa wakiwasikiliza. Ukarudi msikitini ukasema, "Binti yangu haingii nyumba ya watu wale." Nilikuona unaumia kupoteza rafiki wa tangu utotoni, na nikasema moyoni, Baba ameacha kikubwa kuliko mimi. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikustahamilie. Tuliumia wote wawili. Nilidhani hivyo.

Hamadi alioa mwaka mmoja baada ya kufa mama yake. Mwaka mmoja, Baba. Weye na babaake mlikuwa mmeshakaa Alkhamisi karibu hamsini. Siku ya harusi alasiri ngoma ya wanawake ilisikika mpaka uani kwetu. Nilikuwa nachambua mchele. Ukaingia, ukakohoa kama kawaida yako kabla ya kupita, ukasema, "Funga dirisha, Zuwena, vumbi linaingia."

Ilikuwa masika. Vumbi gani?

Nikafunga. Nikaona unanihurumia.

Nilimuuliza Mzee Kombo swali ambalo hata sasa najuta kuliuliza. "Mlipokuwa mnakaa huko, kabla Hamadi hajaoa, mliwahi kututaja?"

"Tuliwataja."

"Mkasema nini?"

"Tulisema ingelikuwa vizuri."

"Kisha?"

"Kisha Alkhamisi ikaisha, kila mtu akapanda gari yake."

Sikupiga kelele. Unanijua. Niliondoa kikombe chake, nikaenda kukiosha, nikakiosha mara mbili.

Niliporudi akaniambia lililobaki. Nyumba anaitaka kwa ajili ya Hamadi, anarudi kutoka Tanga na mke na watoto wanne. Na weye mwenyewe ulimwambia: Zuwena akimfuata nduguye, nyumba mchukulie Hamadi. Kwa hiyo hata kuondoka kwangu mlikuwa mmeshakuzungumza, na chumba changu mmeshamgaia mtu, nami nilikuwa hapa nakukanda miguu.

Nikamwambia, "Mzee Kombo, nitakuuzia. Kwa bei yako hiyo hiyo. Lakini Ijumaa, watu wakitoka msikitini, usimame useme kuwa weye na babaangu mlikuwa marafiki miaka yote hii. Useme tangu lini. Sitaki jengine."

Nilitaka lisikike mara moja nje ya chumba cha fundi cherehani. Kina bibi hapa kijijini wamesema miaka yote kuwa Hamadi aliniacha kwa sababu nina kasoro. Nilitaka wajue kasoro ilikuwa wapi.

Alitikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, hilo usinitake. Watu wakipatana leo wataambiwa kheri. Lakini nikisema sisi tulipatana zamani, watatuuliza: na sisi mliotususisha mazishi? Yule aliyemwacha mkewe kwa maneno yetu, nimwambie nini? Babaako aliogopa watu. Nami vivyo hivyo. Niwachie heshima iliyobaki."

"Na mimi?"

"Weye unaondoka," akasema.

Alimaanisha kunifariji, nafikiri.

Jumatatu tulikwenda ofisini kwa sheha. Hati haiandikwi mpaka jirani aulizwe mbele ya mashahidi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, wa barza zote mbili. Mwalimu Bakar amekaa na futi yake mfukoni, Bi Mize ananong'ona juu ya mtungi. Sheha akauliza kwa sauti, "Mzee Kombo, Bi Zuwena anauza nyumba ya marehemu. Weye ndiye jirani. Unayo haja nayo?"

Nilimtazama. Nilikuwa bado natumai, Baba, naapa. Nilitumai atasema ninayo, na kwamba rafiki yangu aliniusia. Hata nusu yake ingenitosha.

"Sina haja," akasema. "Nyumba ile siijui. Tangu uchaguzi ule sijaingia ndani." Siku chache nyuma alikuwa amevua viatu ukumbini kwangu.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiye mwanamume huyo, hana unafiki." Watu wakacheka.

Ningeweza kuinuka niseme. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikaona alivyouegemea mkongojo wake, nikakuona weye umesimama pale pale alipo, na ningekuwa nawaaibisha wawili. Nikanyamaza. Sijui kama ulikuwa upole au uoga. Huenda nimekurithi.

Kabla ya kutia saini nilimchukua Mwalimu Bakar mpaka nyumbani, nikapanda juu ya kiti, nikamwonyesha boriti ya tatu. Nikakunja mkeka nikamwonyesha ufa. Nikamtajia ukuta wa kusini. Akaandika vyote kwenye daftari, akapunguza bei tena, na nilikubali. Bi Mize amepata kinu, mtungi, na mkungu wa ndizi. Wanasumbua wale, wanadai hata kivuli, lakini wanachokitaka wanakitaja. Nilikuja kuwapenda kwa hilo.

Baba, kuna jambo lilinirudia jana nikifunga mabegi. Siku ile ulipotolewa, kabla jeneza halijanyanyuliwa, walisimama wakakuombea radhi kwa watu wote: aliyekosewa na marehemu amsamehe. Wanaume wakaitikia nje, na sisi wanawake tukaitikia ndani. Nami niliitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, nimesamehe, nimesamehe kila kitu. Wanawake wenzangu wakaniambia nimekunyanyulia mzigo. Na Mzee Kombo alikuwa kwake, anakuzika kupitia dirishani.

Nilikuwa nasamehe nini? Nilikuwa nasamehe zile mara chache ulizonifokea, na siku ulipoipasua redio yangu. Mtu hawezi kusamehe asichokijua. Radhi ile niliyokupa ilikuwa ya binti mwengine, aliyedhani mmeumia wote wawili.

Sitaki ulale na deni hilo, na sitaki kukudanganya kuwa limekwisha. Nikifika Maskati nitamwambia Nassor yote, bila kupunguza, kwa sababu siri hii kwangu inakoma. Dua nitakuombea kila siku, hiyo haina masharti. Na ile radhi nitaitoa upya. Sitasema tena "kila kitu". Nitalitaja jambo lenyewe kwa jina lake: Hamadi, mwaka mmoja, dirisha. Siku nitakapoweza kuyataja matatu hayo na sauti yangu isikatike, ujue ndiyo siku hiyo.

Leo bado, Baba. Nimejaribu asubuhi, nimefika kwenye la kwanza tu.

Kwaheri. Mungu akupe nuru huko uliko, na mie anipe ya kukufuata nayo.

Binti yako,
Zuwena